Ukoo Ndani ya Piano: Nduduzo Makhathini na Albamu ya Ntu

Albamu ya jazi iitwayo In the Spirit of Ntu, iliyotolewa mwezi wa Mei 2022 na mpiga piano wa Afrika Kusini Nduduzo Makhathini, inamhusu msikilizaji wa Sakania na wa Haut-Katanga nzima kwa karibu zaidi kuliko inavyodhaniwa, kwa sababu neno lililobebwa na jina lake liliingia katika vitabu vya ulimwengu kupitia Katanga, na kwa sababu jambo linaloshughulikiwa humo, yaani maisha ya jamaa tangu waliotangulia hadi watoto wanaokua, lilijadiliwa kwa Kiswahili katika kambi za wachimba shaba zaidi ya nusu karne kabla ya albamu hiyo kurekodiwa. Ina nyimbo kumi, nyingi kati yake zikitegemea ala kuliko maneno, na mtu anayeisikiliza kwa mara ya kwanza akitafuta visa vya baba, mama na watoto anaweza kutoka mikono mitupu. Familia imo, ila imekaa mahali ambapo sikio halikuzoea kuitafuta: katika namna wanamuziki wanavyosubiriana, katika sauti ya mke inayoimba karibu na piano ya mumewe, na katika mfululizo wa majina ya nyimbo, unaoanza na kiumbe wa majini, ukapita kwa mama na kwa mizimu ya ukoo, ukaishia kwenye neno lenyewe, Ntu.

Jazi yenyewe inahitaji maelezo, kwa kuwa katika Kongo na Afrika Mashariki jina hilo lilishika njia yake. Joseph Kabasele alipounda African Jazz mwaka 1953, Franco na wenzake walipoanzisha OK Jazz mwaka 1956, na bendi za Tanzania kama Tabora Jazz na Morogoro Jazz zilipojiita hivyo, kilichokusudiwa kilikuwa bendi ya dansi yenye magita na tarumbeta, na muziki wake mkuu ulikuwa rumba. Jazi inayozungumziwa hapa ni ile iliyozaliwa miongoni mwa Wamarekani weusi, hasa katika jiji la New Orleans, mwanzoni mwa karne ya 20, ambayo moyo wake ni utungaji wa papo hapo: wanamuziki hukubaliana juu ya wimbo mfupi, huupiga pamoja, kisha kila mmoja kwa zamu yake hutunga juu ya mpangilio uleule wa sauti kitu ambacho hakikuandikwa na hakitarudiwa, huku wenzake wakimsindikiza, mpaka wote warejee kwenye wimbo walioanza nao. Katika mpango huo mpiga piano ana kazi mbili zinazovutana, kwani zamu yake inapofika yeye ndiye msemaji, lakini muda mwingi zaidi huwa nyuma ya wengine, akiwatandikia msingi wa sauti ili wapate mahali pa kukanyaga. Kwa maana hiyo piano ya jazi ni ala ya mtu anayeishi na watu, na si ajabu kwamba wapiga piano, kuliko wapiga ala nyingine nyingi, wameacha kazi maarufu zilizotungwa kwa ajili ya jamaa zao.

Kazi inayojulikana kuliko zote ni Song for My Father, iliyotungwa na Horace Silver na kurekodiwa mwaka 1964 kwa kampuni ya Blue Note ya New York. Silver alizaliwa mwaka 1928 huko Connecticut, Marekani, na baba yake alikuwa mhamiaji kutoka kisiwa cha Maio katika visiwa vya Cape Verde, ambako jina la ukoo lilikuwa Silva kabla ya kubadilishwa na Kiingereza. Picha iliyo kwenye jalada la albamu hiyo ni ya baba huyo mwenyewe, amevaa kofia na ameshika sigara, jambo lisilo la kawaida katika biashara ambayo hutaka sura ya msanii ionekane kwanza. Na muziki wake umejengwa juu ya mdundo wa noti chache za chini zinazorudiwa bila kuchoka, ambazo Silver alizichanganya na mapigo aliyoyasikia safarini Brazili pamoja na nyimbo za nyumbani kwao, ambako baba yake na ndugu zake walikuwa wakipiga muziki wa Cape Verde. Bill Evans, aliyekuwa mpole wa piano kuliko wenzake wote wa zama zake, alimtungia binti wa kaka yake Waltz for Debby, wimbo wa mapigo ya tatu-tatu uliorekodiwa kwanza mwaka 1956 na kupata umaarufu baada ya onyesho la tarehe 25 Juni 1961 katika klabu ya Village Vanguard. Keith Jarrett naye, akiwa bado anapona ugonjwa wa uchovu uliomwondoa jukwaani, alirekodi nyumbani kwake mwaka 1998 nyimbo za zamani za mapenzi na za kienyeji, akampa mkewe kama zawadi ya Krismasi, na mwaka uliofuata zikatolewa kwa umma.

Kazi hizo zote ni nzuri, na hakuna sababu ya kuzipunguzia sifa. Lakini zinafanana katika jambo moja, kwamba jamaa anayetajwa yuko nje ya muziki: baba yuko kwenye jalada, mtoto yuko kwenye jina la wimbo, mke anapokea zawadi iliyokwisha kufungwa. Msanii anaitazama familia yake kwa upendo, kisha anaitungia. Tofauti ya Makhathini, na hiyo ndiyo sababu kazi yake inastahili kusikilizwa kwa makini katika nchi hizi, ni kwamba kwake ukoo ni njia ya kufanya kazi kabla haujawa jambo la kuimbwa, kwa hiyo unaamua nani apige, nani asubiri, wimbo uanze wapi na umalizike kwa ruhusa ya nani.

Makhathini alizaliwa mwaka 1982 katika vilima vya uMgungundlovu, KwaZulu-Natal, mahali palipokuwa makao ya mfalme Dingane wa Wazulu katika karne ya 19, na alilelewa katika nyumba ya wanamuziki ambamo mama yake ndiye aliyemfungulia njia ya kinanda. Ujanani mwake alikuwa akihama kanisa moja hadi jingine, si kwa kutafuta mafundisho bali kwa kufuata muziki, tabia ambayo mwanakwaya yeyote wa Katanga ataielewa bila kufafanuliwa, kwa kuwa kanisa la Kikristo la Sayuni lenye ngoma na mzunguko wa kucheza halitoi sauti ile ile inayotoka katika kanisa la misheni lenye vitabu vya noti. Baadaye alisomea piano ya jazi Durban, akapiga katika bendi ya mpuliza saksafoni Zim Ngqawana, akawa mwalimu wa muziki katika Chuo Kikuu cha Fort Hare, na mwaka 2015 akapewa tuzo ya msanii kijana wa jazi ya Standard Bank. Pamoja na hayo amepokea wito wa uganga wa jadi wa Kizulu, na hauoni kuwa kazi tofauti na ya muziki.

Aliyemwonyesha kwamba piano inaweza kubeba mambo hayo yote alikuwa Bheki Mseleku, mpiga piano wa Durban aliyezaliwa mwaka 1955 na kufariki London mwaka 2008, na habari za utoto wa Mseleku zinafaa kukaliwa kidogo, kwa sababu zinaonyesha upande wa familia ambao albamu za sifa huuruka. Baba yake alikuwa mwalimu na mwanamuziki msomi aliyehitimu Cambridge, na nyumbani kwao Lamontville kulikuwa na piano ya kusimama. Lakini baba huyo, kwa imani yake ya dini, hakutaka watoto wauingie muziki, ambao aliuona kuwa njia ya shetani, akaifunga piano kwa ufunguo. Mama ndiye aliyekuwa akimpa mtoto ufunguo baba alipokuwa hayupo, na hali iliendelea hivyo mpaka majira ya baridi ya mwaka mmoja ambapo piano ile iliishia kuwa kuni za kuota moto. Zaidi ya hayo, Mseleku alikuwa amepoteza ncha za vidole viwili vya mkono wa kulia katika ajali ya utotoni, na bado akawa mmoja wa wapiga piano wakubwa waliowahi kutoka barani Afrika, mwenye albamu kama Celebration ya mwanzoni mwa miaka ya 1990 na Home at Last ya mwaka 2003. Nyumba ileile moja ilimnyima na kumpa. Anayetaka kuandika muziki wa familia kwa ukweli hana budi kuziweka pande hizo mbili pamoja, baba anayefunga na mama anayefungua, na Makhathini, ambaye amekuwa mwanafunzi wa kazi za Mseleku kwa miaka mingi, alirithi ukweli huo pamoja na sauti.

Kabla ya kusikika nje ya nchi yake, Makhathini na mkewe, mwimbaji Omagugu, walianzisha kampuni yao ndogo ya kutoa muziki iitwayo Gundu Entertainment, na kupitia kwayo zikatoka albamu kadhaa katika muda mfupi, mojawapo ikiwa na jina la Kiswahili, Matunda Ya Kwanza. Huo nao ni muziki wa familia kwa maana ya kazi za kila siku: kukodi studio, kulipa wapigaji, kubeba makasha ya diski, kulea watoto katikati ya mazoezi. Blue Note, kampuni ileile iliyomtoa Horace Silver, ilitoa albamu yake Modes of Communication: Letters from the Underworlds mwezi wa Aprili 2020, na alipotajwa kuwa Mwafrika Kusini wa kwanza kusajiliwa na kampuni hiyo, hakuwa mwanafunzi aliyeokotwa bali mtu aliyekwisha kujenga nyumba yake. In the Spirit of Ntu iliyofuata ndiyo iliyozindua tawi jipya la kampuni hiyo, Blue Note Africa.

Wimbo wa pili wa albamu hiyo unaitwa Mama. Ulitungwa na Omagugu kumkumbuka mama yake mzazi aliyefariki, na yeye mwenyewe ndiye anayeuimba, huku mumewe akiwa kwenye piano. Hapa msikilizaji aliyekulia katika desturi za ukwe ana jambo la kusikia ambalo huenda mkosoaji wa New York akalikosa. Miongoni mwa Wazulu, kama ilivyo kwa Walamba na Walala wa Sakania, uhusiano wa mume na mama mkwe wake umezungushiwa heshima na umbali: mkwe hapayuki mbele ya mama mkwe, hamtazami usoni ovyo, hasemi naye kwa mazoea, na upendo wake huuonyesha kwa kazi. Katika desturi ya zamani ya Walamba na Walala, mwanamume aliyeoa alikwenda kukaa kijijini kwa mkewe, akalima shamba la wakwe na kujenga kabla ya kuhesabiwa kuwa mtu wa pale. Mpiga piano anayemsindikiza mkewe anapomlilia mama yake yuko katika nafasi hiyohiyo kabisa, kwani haruhusiwi kulitwaa neno, na kila anachokifanya ni kushika chini ili anayelia asianguke. Makhathini ana uwezo wa kumwaga noti kama mvua, na katika nyimbo nyingine za albamu hiyo humwaga kweli, lakini mbele ya msiba wa mkewe anajua kwamba zamu si yake. Kwa msikilizaji wa Sakania wimbo huo unaongezeka uzito, maana Walamba na Walala hufuata ukoo wa mama, na kumwimbia mama ni kuuimbia ukoo wenyewe.

Namna sauti za piano hiyo zilivyopangwa nayo inahitaji kutazamwa kwa karibu. Mtu yeyote aliyeimba kwaya parokiani anajua mpango wa do, mi, sol, ambao hupatikana kwa kuruka noti moja moja na ambao husikika kama nyumba iliyokamilika, yenye mlango uliofungwa. Makhathini mara nyingi hutumia mpango mwingine, ambao kwenye kibodi hupatikana kwa kuanza na do, kupanda hatua tatu hadi fa, kisha hatua tatu tena hadi si bemoli, na sauti tatu hizo zikilia pamoja hazionyeshi kama wimbo ni wa furaha au wa huzuni, wala hazidai kurudi mahali fulani. Aliyeufanya mpango huo kuwa lugha ya piano ya jazi alikuwa McCoy Tyner, mpiga piano wa kundi la John Coltrane katika nusu ya kwanza ya miaka ya 1960, ambaye pia alimtungia mkewe wimbo uitwao Aisha. Faida yake kwa muziki wa pamoja ni kubwa: kwa kuwa mlango umeachwa wazi, anayetunga juu yake, awe mwimbaji, mpuliza saksafoni Linda Sikhakhane, mpiga tarumbeta Robin Fassie Kock au Dylan Tabisher kwenye vibrafoni, ambayo ni marimba ya vyuma yenye mitambo ya kutetemesha sauti, anaweza kuingia kutoka upande wowote bila kugongana na piano. Chini yao mkono wa kushoto hurudia noti zilezile chache, kama Silver alivyofanya kwa baba yake, na marudio hayo ndiyo yanayowaruhusu wengine kwenda mbali wakijua pa kurudia.

Kuhusu Ntu, shina hilo ni lilelile lililomo katika mtu wa Kiswahili, muntu wa Kiluba na umuntu wa Kibemba, na Makhathini analitumia kwa maana ya nguvu ya uhai inayowaunganisha watu, mizimu na vitu vyote. Aliyeliweka neno hilo mbele ya wasomi wa ulimwengu kuwa msingi wa falsafa alikuwa Placide Tempels, padri Mfransisko kutoka Ubelgiji aliyefika Kongo mwaka 1933 na kufanya kazi miongoni mwa Waluba wa Katanga, na kitabu chake kuhusu falsafa ya Kibantu kilichapishwa kwa Kifaransa Elisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, mwaka 1945. Kitabu hicho kilishambuliwa, na kwa haki. Aimé Césaire wa Martinique alionyesha jinsi kilivyoweza kuwafaa wakoloni, ambao wangefurahi kusikia kwamba Mwafrika anataka kuheshimiwa roho yake kuliko kulipwa mshahara wake, Paulin Hountondji wa Benin alikataa wazo kwamba watu wote wa bara wanaweza kuwa na falsafa moja isiyo na mwandishi, na V. Y. Mudimbe, mzaliwa wa Likasi aliyewahi kufundisha Chuo Kikuu cha Lubumbashi, aliipima kazi ya Tempels kama sehemu ya historia ndefu ya Ulaya kuibuni Afrika kwa maneno yake yenyewe. Mwanamuziki anayelichukua neno Ntu leo analichukua pamoja na mabishano hayo. Lakini ana njia ya kuyajibu ambayo mwandishi wa kitabu hana, kwa kuwa hasemi kwa niaba ya Waafrika wote: anaweka watu saba au wanane chumbani, kila mmoja na jina lake, na kila mmoja anajibu kwa sauti yake.

Isitoshe, Tempels mwenyewe hakuishia kwenye kitabu. Katika miaka ya 1950, akiwa Kolwezi katika kambi ya wafanyakazi wa kampuni ya migodi ya Union Minière, alianza pamoja na wachimba migodi na wake zao mwendo wa kiroho ulioitwa Jamaa, ambao ulienea katika miji ya shaba na ambao mtafiti Johannes Fabian aliuandikia kitabu kilichochapishwa mwaka 1971. Mafundisho yake yalitolewa kwa Kiswahili cha Katanga, na yalizunguka mambo matatu, uzima, uzazi na mapendo, yakisisitiza kukutana kwa kweli kati ya mume na mke, hata wanachama wakawa wanaitana baba na mama bila kujali kabila. Ni vema kukumbuka mazingira yake: watu hao walikuwa wameletwa kambini kutoka vijiji vya mbali, wamepewa nyumba za kampuni na mgao wa chakula wa kampuni, na familia zao zilikuwa zikihesabiwa na ofisi kwa ajili ya uzalishaji. Kusema katika hali hiyo kwamba mume na mke wanaweza kuwa chanzo cha uzima, badala ya chanzo cha vibarua, lilikuwa neno zito. Makhathini hakutoka katika Jamaa, na hakuna haja ya kumtafutia ukoo asio nao. Ila msikilizaji wa Katanga anayemsikia mwanamume na mwanamke wakitengeneza muziki wa Ntu kwa kukutana ana msamiati wa kuusikilizia, na msamiati huo ulitungwa na wazee wake.

Njia ambayo muziki wa kusini ulipita kufika Katanga inajulikana vizuri Sakania kuliko mahali pengine popote, kwa sababu reli iliyopanda kutoka Cape Town kupitia Bulawayo na Ndola ilivuka mpaka hapo mwaka 1909 na kufika Elisabethville mwaka uliofuata. Katika mabehewa hayo walisafiri wafanyakazi, na baadaye pamoja nao wakasafiri gramafoni na santuri. Njia hiyo haikuwa ya upande mmoja. Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki aliyefanya kazi Afrika Kusini, alimrekodi Mwenda Jean Bosco huko Jadotville, ambayo sasa ni Likasi, mwaka 1952, na wimbo wa gita uitwao Masanga ukatolewa kwenye santuri za Gallotone za Johannesburg, ukasikika kutoka Nairobi hadi Durban. Tracey huyohuyo alimrekodi binti mfalme Magogo kaDinuzulu wa Wazulu, aliyezaliwa mwaka 1900 na kufariki mwaka 1984, ambaye aliimba nyimbo za ukoo wake akijipigia ugubhu, upinde wenye waya mmoja na kibuyu, ala ambayo kwa Wazulu ilitunzwa hasa na wanawake. Hivyo basi gita la Katanga na upinde wa KwaZulu vimekaa miaka mingi katika mkusanyiko mmoja, na mpiga piano aliyezaliwa KwaZulu akilelewa na mama mwanamuziki ni mrithi wa upande mmoja wa mkusanyiko huo, kama vile wapiga gita wa mitaa ya Kenya na Katuba mjini Lubumbashi walivyo warithi wa upande mwingine.

Albamu ya Makhathini haiipambi familia, na hilo linaonekana zaidi katika wimbo wa Senze' Nina, uliotungwa katika nchi ambayo mauaji ya wanawake mikononi mwa wanaume, mara nyingi waume na wapenzi wao, yamekuwa aibu ya taifa. Jina lake linaukumbusha wimbo wa maombolezo uliokuwa ukiimbwa mazikoni wakati wa ubaguzi wa rangi, ambao uliuliza watu weusi wametenda kosa gani. Safari hii wanaokusudiwa ni akina mama, na anayeuliza ni mwanamume. Katika albamu hiyohiyo kuna Emlilweni, yaani motoni, wenye saksafoni ya Mmarekani Jaleel Shaw, uliobeba kumbukumbu za ghasia na mioto ya Afrika Kusini. Kuziweka nyimbo hizo katika albamu moja na Mama na Abantwana Belanga, yaani watoto wa jua, ni uamuzi wa mtunzi anayejua kwamba nyumba ikiungua kwa nje, waliomo ndani hawasalimiki, na kwamba jeraha la taifa huanza kuonekana mezani na kitandani kabla halijafika barabarani. Albamu ambayo ingetaja mapenzi ya nyumbani tu, ikanyamazia vipigo vya nyumbani, ingekuwa nusu ya ukweli, na katika miji ya Katanga pia hakuna mtu mzima asiyejua nusu ya pili.

Baada ya kundi hilo kubwa Makhathini alipunguza watu. Albamu yake ya uNomkhubulwane, iliyotoka Juni 2024 na kubeba jina la binti wa Mungu katika imani ya Kizulu, mwenye kuleta mvua na rutuba, ilirekodiwa na watu watatu tu: yeye, Zwelakhe-Duma Bell le Pere kwenye besi, na Francisco Mela kwenye dramu. Mela ni mzaliwa wa Bayamo, Cuba, kisiwa ambacho wazao wa watu waliochukuliwa utumwani kutoka Kongo wametunza ngoma na maneno ya asili yao, na kabla ya kufika kwa Makhathini aliwahi kuwa mpiga dramu wa McCoy Tyner, yuleyule aliyeufanya mpango wa do, fa na si bemoli kuwa lugha ya piano ya jazi. Santuri za Cuba zilizoanza kuingia Kongo katika miaka ya 1930 ndizo zilizowafundisha vijana wa Léopoldville rumba ambayo African Jazz na OK Jazz walikuja kuifanya kuwa yao, na anayefahamu rumba hiyo, akiisikiliza uNomkhubulwane, atakuta mapigo ya Mela yanaingia masikioni mwake kwa wepesi kuliko piano, kwa sababu amecheza nayo harusini tangu utotoni.